Vipingo: Kilima ambako upepo ndio mwenye uwanja

WAKAZI wengi wa Nairobi wakisikia neno Pwani, mawazo yao hukimbilia mambo matatu: mchanga mweupe, maji ya chumvi na madafu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nyuma ya minazi ya ufuoni, mwendo wa dakika chache tu kwa gari, ardhi huinuka ikawa kilima, na kwamba juu ya kilima hicho kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyaona akiwa amelala chini ya mwavuli kando ya bahari.

Kilima ninachozungumzia kiko Vipingo, Kaunti ya Kilifi, kama kilomita 40 hivi kaskazini mwa Mombasa katika barabara kuu iendayo Malindi. Hapo ndipo ulipo uwanja wa gofu wa Vipingo Ridge, uitwao Baobab kwa sababu ya mibuyu iliyoachwa imesimama kati ya mashimo. Ni uwanja wa mashimo 18, ndani ya mtaa wa mapumziko wenye nyumba za watu binafsi na za kukodisha. Wachezaji wanaujua kwa sifa mbili. Ya kwanza ni miinuko na miteremko yake. Ya pili ni upepo.

Kabla msomaji hajafunua ukurasa akinung'unika kuwa gofu ni mchezo wa matajiri, namsihi asubiri kidogo. Ni kweli kwamba mchezo huu una gharama, na jambo hilo tutalifikia. Lakini niliyoyaona Vipingo wakati wa likizo ya Agosti yalinionyesha kwamba juu ya kilima kile fedha hazimsaidii mtu sana. Kinachomsaidia ni elimu ya kuusoma upepo, na wenye elimu hiyo ni vijana wanaobeba mifuko ya fimbo za wengine.

Ahadi ya baba na binti

Tulikuwa watatu. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni afisa wa benki aliyeanza kucheza gofu miaka sita iliyopita ili, kama asemavyo mwenyewe, apunguze tumbo. Binti yake yuko kidato cha pili. Alianza kwa kumfuata babake uwanjani Jumamosi, akaazimwa fimbo moja, kisha mbili, na sasa anataka kufunzwa na mwalimu kila likizo. Mimi nilikuwa mjomba, mpiga picha na mtu wa kupiga mikwaju michache pale nilipopewa nafasi.

Ada za mwalimu wa gofu si haba, na katika nyumba yenye watoto watatu wanaosoma, kila shilingi ina mwenyewe. Shemeji hakutaka kumvunja moyo mtoto, wala hakutaka kulipia tamaa ya siku mbili. Wakakubaliana hivi: binti atacheza mashimo yote 18 ya Vipingo katika upepo wa Agosti. Akimaliza bila kususa, baba atalipa. Akisusa njiani, atarudi kwenye netiboli ya shule na suala la gofu lisitajwe tena hadi amalize kidato cha nne.

Tulisafiri kwa garimoshi la reli ya kisasa, ambayo imekuwa ikiwabeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa tangu 2017. Kutoka stesheni ya Miritini tukachukua gari, tukavuka daraja la Nyali, tukapita Bamburi na Shanzu, tukavuka kijito cha Mtwapa, kisha Kikambala, na hatimaye Vipingo. Ukitoka barabarani na kuanza kupanda, bahari hubaki nyuma yako. Ukigeuka ukiwa juu, utaiona yote kwa mara moja: mstari mweupe wa mawimbi yanapovunjikia kwenye miamba, maji ya kijani ndani ya mwamba, na buluu iliyokolea nje yake.

Katani ilipogeuka majani

Kwa miaka mingi Vipingo lilikuwa jina la katani. Mmea huo haukuzaliwa hapa. Asili yake ni Mexico, na uliletwa Afrika Mashariki mwaka wa 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani huko Tanganyika. Ulipenda nchi kavu yenye mawe ya matumbawe, ukaenea Pwani. Mashamba ya Vipingo yalitoa nyuzi za kamba na magunia, na yakaajiri watu wengi wa vijiji vya jirani. Hata leo, ukitazama upande wa bara kutoka juu ya kilima, utaiona safu ya katani imejipanga kama gwaride.

Ni sehemu ya ardhi hiyo iliyogeuzwa uwanja wa gofu. Aliyeuchora ni David Jones, mchezaji wa kulipwa kutoka Ireland Kaskazini, ambaye Wakenya wenye umri wanamkumbuka kwa kushinda mashindano ya Kenya Open mwaka wa 1989. Uwanja huo sasa unatumia pia jina la PGA, chama cha wanagofu wa kulipwa cha Uingereza na Ireland. Hesabu ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari ni 72 kwa mashimo yote.

Jones hakusawazisha kilima. Aliyaacha mabonde yabaki mabonde na vichwa vya vilima vibaki juu. Kwa hiyo mchezaji hupiga mpira akiwa juu ukashukia bondeni, kisha huufuata na kuanza kuupandisha upande wa pili. Shimo moja unalicheza ukiitazama bahari, jingine ukiipa kisogo, na jingine bahari ikiwa ubavuni. Hapa na pale pundamilia wanalisha bila habari na mtu yeyote.

Viwanja viwili katika kimoja

Watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa habari za kusi na kaskazi, lakini kwa faida ya wasomaji wa bara nitaeleza kwa ufupi. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi, upepo huvuma kutoka kaskazini-mashariki, nao ndio kaskazi. Kuanzia Aprili hadi Septemba huvuma kutoka kusini-mashariki, nao ndio kusi, ambao kwa kawaida ndio mkali zaidi. Kati ya misimu hiyo kuna tangambili, wakati upepo haujakata shauri uende wapi. Kwa karne nyingi majahazi ya kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja huku kwa kaskazi na kurudi kwao kwa kusi. Biashara ya Mombasa, Malindi na Lamu ilifuata kalenda hiyo ya hewa.

Sasa tazama maana yake juu ya kilima cha Vipingo. Pepo zote mbili hutoka upande wa bahari. Basi shimo linaloelekea baharini huwa gumu mwaka mzima, kwa kuwa unapiga ukiwa umeupa upepo uso. Lakini shimo linalokwenda sambamba na ufuo kuelekea kusini huwa jepesi Januari, upepo ukiwa mgongoni, na huwa adhabu Agosti. Shimo linaloelekea kaskazini huwa kinyume chake. Uwanja ni ule ule na umbali ni ule ule, ila mwezi ukibadilika hesabu nzima inageuka. Mtu aliyecheza hapa Krismasi akaweka alama kwenye daftari lake hana faida nalo anaporudi Agosti.

Kuna jambo jingine linalomsumbua mchezaji wa kutoka jijini. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mpira wa gofu, ambao uzito wake hauzidi gramu 46, hupasua hewa hiyo kwa urahisi ukaenda mbali. Pwani hewa ni nzito zaidi. Mkwaju unaokwenda mita 150 Nairobi unaweza kupungukiwa na mita 10 hivi huku, hata kabla upepo haujasema neno.

Shemeji hakuwa na habari hiyo. Mkwaju wake wa kwanza ulikuwa mzuri wa kutazama: ulipanda juu, ukasimama angani kana kwamba umesahau safari yake, kisha ukaanguka kwenye nyasi ndefu mbali na alipokusudia. Kijana aliyebeba mfuko wake, ambaye wachezaji humwita kedi, aliutazama bila kucheka.

"Mzee, umeshuka lini kutoka bara?" akauliza.

"Jana jioni."

"Basi wewe umefika. Mpira wako bado uko Nairobi."

Binti alicheka hadi akashika mbavu. Baba naye akacheka, ingawa kwa kuchelewa kidogo.

Usishindane nao

Kijana huyo alikuwa wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa kijiji cha jirani. Kabla ya kila mkwaju alitazama vitu vitatu: bendera iliyosimikwa shimoni, makuti ya minazi kule chini, na uso wa bahari. Alisema bendera humwambia upepo ulivyo pale mpira utakapotua, makuti humwambia ulivyo njiani, na bahari humwambia ule unaokuja. Mahali ambapo maji yanaonekana meusi yenye mikunjo, ndipo upepo unapopita, na baada ya muda mfupi utakuwa umefika kilimani. Elimu hiyo aliipata kwa babu yake, ambaye alikuwa mvuvi.

Shemeji, kama wanaume wengi wenye kifua, alidhani dawa ya upepo ni nguvu. Kila upepo ulipozidi, naye alizidisha. Kijana akamweleza kwa adabu kwamba hilo ndilo kosa kubwa la wageni. Mpira ukipigwa kwa nguvu huzunguka zaidi kinyumenyume, na mzunguko huo, ukikutana na upepo wa mbele, huunyanyua mpira juu. Ukishapanda ndio umeisha. Dawa ni kuchukua fimbo ya kupeleka mpira mbali zaidi, kuishika chini kidogo, kisha kupiga polepole ili mpira upite chini ya upepo kama mtu anayeinama mlangoni.

"Usishindane nao, mzee," alisema. "Hata dau haliukabili upepo uso kwa uso. Huuchukua kwa ubavu."

Shemeji akamkumbusha methali: dau la mnyonge haliendi joshi. Joshi, kwa wasiojua lugha ya mabaharia, ni upande unakotoka upepo.

"Na likienda joshi ni Mola kupenda," kijana akamalizia. "Sasa hapa Mola anapenda ila upige chini chini."

Binti hakuwa na nguvu za kushindana na mtu, sembuse upepo. Akaufuata ushauri huo tangu mwanzo. Mikwaju yake haikuwa mizuri ya kutazama. Ilitambaa, ikaruka kidogo, ikadunda na kuendelea kubingirika. Lakini kwenye mashimo yanayoelekea baharini, mpira wake mara kadhaa ulimaliza mbele ya ule wa baba yake. Jambo hilo halikumpendeza mzee, ingawa alijitahidi kulificha.

Upepo wa ubavuni ulikuwa na somo lake pia. Kijana alimwelekeza binti alenge mbuyu uliokuwa mbali kabisa na bendera. Alisita, kwani kulenga mahali ambapo huendi kunataka imani. Alipopiga, mpira ulielekea mbuyuni, kisha taratibu ukaanza kurudi kushoto, ukatua karibu na pale palipotakiwa. Kusi ndio ulioubeba.

Miguu nayo ina hesabu yake

Wengi hudhani kuwa shida ya kilima ni kuchoka tu. Kuchoka kupo, hasa ukitembea mashimo yote kwa miguu kama tulivyofanya. Lakini kilima kina hila nyingine. Ni nadra kupata mahali ambapo miguu yako na mpira viko katika usawa mmoja. Mpira ukiwa juu ya miguu yako, kwa anayetumia mkono wa kulia, huelekea kushoto. Ukiwa chini ya miguu, huelekea kulia. Ukisimama kwenye mteremko, mpira huruka chini chini na kwenda mbali. Ukisimama kwenye mwinuko, hupanda juu na kufika karibu.

Changanya sasa hila hizo na kusi. Mpira uko juu ya miguu, kwa hiyo utakwenda kushoto, lakini upepo unatoka kushoto, kwa hiyo utarudishwa kulia. Je, vitu hivyo viwili vitafutana? Kwa kiasi gani? Hapo ndipo mchezaji anaposimama akikuna kichwa, na hapo ndipo kijana aliyezaliwa chini ya kilima hicho anapothaminiwa kuliko fimbo zote 14 ambazo sheria inamruhusu mtu kubeba.

Hata kwenye grini, yaani kile kiwanja kidogo cha majani yaliyonyolewa ambamo shimo lenye upana wa sentimita 10.8 limechimbwa, mambo hayaishi. Mpira hubingirika taratibu, na upepo mkali unaweza kuusukuma. Kijana alitufunza kupanua miguu na kusubiri upepo ushushe pumzi, kisha kupiga bila kuchelewa.

Shimo la kumi na nne

Upepo wa Pwani huzidi makali jua linapopanda. Tulianza asubuhi na mapema kukiwa na utulivu kiasi, lakini kufikia saa sita kofia zilikuwa zinashikwa kwa mkono. Binti alikuwa amepoteza mipira mitano vichakani. Katika shimo la kumi na nne alipiga mikwaju minne mfululizo isiyokwenda popote. Akaiweka fimbo chini, akakaa kwenye majani na kunyamaza. Baba yake alisimama umbali wa hatua kumi. Hakusema kitu, na nadhani alijua kwamba neno lolote kutoka kwake wakati ule lingekuwa neno la kumsusisha.

Aliyesema ni kedi. Alimwambia, "Dada, hesabu mashimo, usihesabu mikwaju. Tukilimaliza hili, linalofuata tunageuka. Upepo huu huu unaokuonea ndio utakaokubeba."

Binti akainuka. Akalimaliza shimo lile kwa mikwaju mingi ambayo sitaitaja hapa. Na kweli, katika shimo lililofuata tuligeuka, kusi ukawa mgongoni, na mkwaju wake wa kwanza ukaenda mbali kuliko wowote aliowahi kupiga maishani. Ulipotua uliendelea kubingirika kama uliokuwa ukifukuzwa. Sauti aliyoitoa iliwastua pundamilia.

Alimaliza mashimo yote 18. Hakuwa na hesabu nzuri, lakini alikuwa na hesabu. Baba yake alipoteza mipira tisa.

Kusi hufunza, kaskazi hulisha

Tulipokuwa tukinywa maji chini ya kivuli, nilimwuliza yule kijana kuhusu maisha yake. Alimaliza kidato cha nne, alama zake zilikuwa za wastani, na karo ya chuo ikakosekana. Sasa anaweka akiba ili asomee ufundi wa umeme. Tatizo ni kwamba kedi hana mshahara wa mwezi. Hulipwa anapopata mchezaji, na wachezaji hufuata misimu ya utalii. Watalii wengi huja Pwani wakati wa kaskazi, kunapokuwa na jua na bahari imetulia. Kusi ukianza pamoja na mvua za Aprili, Mei na Juni, hoteli nyingi za Pwani hupwaya, na vijana hukaa siku nzima bila kuitwa.

"Kusi hunifunza, kaskazi hunilisha," aliniambia.

Msomaji alitafakari neno hilo. Ule upepo unaompa ujuzi ndio unaowafukuza wateja wake. Katika miezi ambayo hakuna anayemwajiri, yeye na wenzake hupata nafasi ya kuujua uwanja ukiwa katika hali yake ngumu kabisa. Mgeni ajaye Januari hununua elimu iliyosomwa Juni bila malipo.

Historia ya gofu nchini haiwezi kuandikwa bila vijana wa aina hii. Klabu za kwanza, kama ile ya Nairobi ya 1906 na ile ya Mombasa ya 1911, zilianzishwa na wakoloni kwa ajili yao wenyewe. Mwafrika aliingia uwanjani akiwa na mzigo begani. Lakini macho hayana mlango. Waliobeba mifuko waliangalia, wakaiga kwa vijiti nyuma ya nyumba, na hadi leo baadhi ya wachezaji wa kulipwa wa Kenya ni watu walioanza kama makedi.

Kwa upande wa wasichana, Vipingo ina habari ya kuwatia moyo. Mwaka wa 2019 uwanja huu ulianza kuandaa Magical Kenya Ladies Open, mashindano ya wanawake ya mzunguko wa Ulaya. Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda mwaka huo kwa kupiga mikwaju 64 siku ya mwisho. Baada ya kimya cha miaka miwili kilicholetwa na korona, alirudi 2022 akashinda tena. Mwaka wa 2023 Aditi Ashok wa India aliwaacha wenzake kwa tofauti ya mikwaju tisa, na 2024 ikawa zamu ya Shannon Tan wa Singapore. Mashindano hayo yote yalichezwa kati ya Desemba na Februari, yaani katika kaskazi. Binti wa shemeji alipoelezwa hivyo alitabasamu, akasema basi yeye amecheza kiwanja ambacho mabingwa hao hawakukiona.

Gharama na maji

Nisiwafiche wasomaji upande wa pili. Siku moja katika uwanja wa mapumziko wa aina hii huigharimu familia ya kawaida fedha nyingi kuliko siku ya ufuo wa umma, ambako bahari haina karcha wala mlango. Aidha, Kilifi ni nchi ya ukame, ambapo akina mama katika sehemu nyingi hutembea mwendo mrefu kutafuta maji. Uwanja wa gofu wa mashimo 18 katika nchi kavu unaweza kunywa mamia ya maelfu ya lita kwa siku. Kwa hiyo mtu akitazama majani mabichi juu ya kilima na mahindi yaliyokauka ng'ambo ya ua, ana haki ya kuuliza maswali. Miradi ya aina hii, popote Pwani, itahukumiwa na majirani kwa maji inayotumia na kwa idadi ya vijana wa vijijini inaowapa kazi ya kudumu. Uzuri wa mandhari peke yake hautatosha.

Kwa wanaotaka kwenda

Ukitoka Mombasa, matatu za Kilifi na Malindi hupita Vipingo, na kutoka barabarani utapata bodaboda za kukupandisha kilimani. Piga simu kabla ya kwenda, uulize ada na kama kuna nafasi. Vaa shati lenye kola, maana fulana na kaptura za ufuoni hazikubaliwi katika viwanja vingi vya gofu. Ukikosa fimbo zako, uliza za kukodi. Anza asubuhi na mapema kabla upepo haujachacha, na ubebe kofia yenye kamba ya kidevuni, maji ya kutosha na mipira ya zamani usiyoionea uchungu.

Wasiocheza hawatakosa la kufanya. Hapo karibu iko Kuruwitu, ambako wavuvi walitenga sehemu ya bahari isivuliwe ili samaki na matumbawe yapate kurudi. Ukirudi upande wa Mtwapa kuna magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa kale wa Waswahili wenye misikiti na nyumba za mawe kando ya ufuo. Kwa mwanafunzi wa historia, magofu hayo na kilima cha Vipingo ni somo moja. Huko utaona mji uliojengwa na watu waliosafiri kwa kusi na kaskazi, na hapa utaona vijana ambao bado wanajua kuzisoma pepo hizo.

Shemeji ametimiza ahadi yake. Binti anaanza na mwalimu likizo ya Desemba. Baba ameongeza sharti moja, kwamba fedha za mipira atakayoipoteza zitatoka kwenye masurufu yake mwenyewe, naye amekubali, ila anadai sheria hiyo imfunge baba pia.

Nawe msomaji, ukienda, usimwajiri kedi kwa ajili ya mgongo wake tu. Mwulize upepo unatoka wapi na utakuwa wapi baada ya nusu saa. Msikilize, umlipe vizuri, na kama unaweza kuchagua mwezi, nenda kusi ukivuma. Utapoteza mipira mingi, lakini utamkuta ana nafasi ya kukufunza, na fedha utakazomwachia zitamfikia wakati anapozihitaji zaidi.